Mkono Ufike Katikati ya Meza

Leo mniruhusu nianze na treni.

Desemba iliyopita mwanangu wa kidato cha pili alirudi kutoka Mwanjelwa na kiroba begani. Kwenye lundo la midoli ya mitumba alikuwa ameona kichwa cha treni, mabehewa matatu na vipande vya reli. Muuzaji alimwachia kwa bei ya sahani mbili za chipsi. Alipovipanga sakafuni, vipande 12 vya kona vilifunga duara. Akaunganisha nyaya mbili kwenye betri ya pikipiki yangu, ya volti 12, na treni ikazunguka sebule nzima. Nakiri nililala chini kama mtoto kuitazama.

Sisi wa Uyole tuna haki ya kuipenda reli. TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na ni hapa kwetu inapofika juu kuliko mahali pengine popote, karibu mita 1,790 kutoka usawa wa bahari. Kijana akataka kuijenga yote nyumbani. Tukakaa na kalamu. Treni za aina ile hupunguzwa mara 87, basi tukagawa: reli ingekuwa na kilomita 21, yaani utoke Uyole ufike mjini na bado reli inabaki. Mlima wa Uyole ungefika mita 20, mrefu kuliko mnara wa kanisa letu. Tulicheka sana. Tukaamua kuchukua kipande kimoja tu, ule mpando wa Mlimba hadi Makambako wenye mahandaki na madaraja, na hata huo tukaufupisha bila huruma.

Alipima kila kitu. Aliweka ubao juu ya vibiriti akagundua kwamba reli ikipanda sentimita mbili kwa kila mita treni inakwenda, lakini ikizidi tatu magurudumu yanateleza. Kwa hiyo ili njia moja ipite juu ya nyingine kwa sentimita saba, ni lazima ianze kupanda mita tatu na nusu nyuma. Aligundua pia kwamba upana wa reli yake, milimita 16.5, ukizidisha kwa 87 unapata ule wa SGR, si wa TAZARA. Alisononeka siku nzima. Nilimshauri asiwaambie wageni.

Mimi nilikuwa na haraka ya kukata mbao. Nilinunua plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4, nikaziunga zikawa mraba wa futi 8, nikausukuma kwenye kona ya stoo, ukuta huku na ukuta huku. Milima tuliifanya kwa magazeti na uji wa ngano. Jumapili baada ya ibada washarika walikuja kutazama, nami nikawaeleza kwa sauti ya mhandisi.

Jumanne moja treni iliacha njia ndani ya handaki la kule konani. Nilikuwa Igurusi kwenye mpunga. Nilirudi Alhamisi nikaenda moja kwa moja kwenye kikao cha kamati ya ujenzi, na Ijumaa nilikuwa Chunya kwenye nyumba ninayoijenga. Kijana alisubiri, kwa sababu nilikuwa nimemkataza kugusa mlima nisipokuwepo. Jumamosi tukajaribu fimbo, tukajaribu ndoano ya waya. Kutoka ukingoni hadi kona ile ni zaidi ya mita mbili. Mwishowe nilimpandisha mezani, na mlima wote ukabonyea chini yake. Mama yake alikuwa mlangoni. Akasema, "Baba, si mlipima kila kitu? Mkono mlipima?"

Wanaojenga reli hizi duniani wana kanuni hiyo tangu zamani: usiweke njia mbali kuliko mkono wako unavyofika, sentimita 75 hivi, kwa sababu treni itaanguka tu, na huanguka pale usipofika.

Luka 14:28 tumeihubiri mno kama habari ya saruji, nondo na bati. Yesu anamsema mtu anayeketi kwanza, ahesabu kama ana vya kutosha kumalizia, asije akachekwa. Sisi tukisikia kumaliza tunawaza paa. Lakini iangalieni TAZARA. Ujenzi ulianza mwaka 1970 na mwaka 1976 ikakabidhiwa. Wachina zaidi ya 60 walifia kwenye kazi ile, na Watanzania na Wazambia pia. Ilikusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka, na hadi leo haijawahi kuzifikia. Milima ya Mlimba haikuishinda. Iliyoiangusha ni mambo ya kila siku: vichwa vya treni vinavyosubiri vipuri, mabehewa yaliyokwisha, njia inayohitaji mtu wa kuitazama asubuhi na jioni.

Kisha someni Kutoka 18. Tunamkumbuka Yethro kama mshauri wa uongozi. Semina zimemmaliza mzee yule. Tunasahau kwamba hakuja kambini peke yake. Alimletea Musa mke wake Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri. Kesho yake akamkuta mkwewe ameketi tangu asubuhi hata jioni akiamua kesi za watu. Biblia haisemi wale watoto walikuwa wapi mchana ule. Mimi nawaona wako konani wakisubiri baba amalize foleni. Na Yethro alisema kazi ile, jinsi Musa alivyoifanya, si njema. Alisema inamzidi.

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita, kamati yetu ilipoleta hoja ya kuanza ukumbi wa sherehe, nilipiga kura ya hapana. Nilijua nitaitwa mtu asiye na imani, na nimeitwa. Lakini shule yetu ya awali inavuja darasa la pili, na mwalimu wake anadai miezi mitatu. Mchango wa ukumbi tungeupata. Watu wetu wanapenda kuanza. Nilichouliza kikaoni ni nani atapanda darini mvua za Machi zikifika, na kwa mkono upi, wakati mikono tuliyo nayo haijafika hata kwenye madawati ya watoto. Hoja itarudi mwezi ujao. Nitapiga hapana tena, na niko tayari kuwaeleza washarika sababu.

Yapo pia ya nyumbani kwangu, maana si haki kuisema kamati tu. Januari kijana alikirudisha kichwa cha treni kwenye kiroba, akaenda shule bila kulalamika, na ule ukimya ulinisumbua kuliko kelele. Shamba la Igurusi nimelikodisha msimu huu. Nyumba ya Chunya imesimama kwenye linta, na isimame. Aliporudi Juni tulichukua msumeno, tukazipasua plaiwudi zile ziwe vipande vya upana wa futi mbili, tukavipanga kandokando ya ukuta. Makambako haipo tena, Mlimba haipo. Imebaki stesheni moja, daraja, na handaki moja fupi. Kabla hajapaka rangi aliniambia niingize mkono mpaka mwisho. Nikaingiza mpaka kwapani, vidole vikatokea upande wa pili.