Jibu Mwaliko, Hata Kama Huji

Vijana wenzangu, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo naongea juu ya harusi. Tena naongea kwa hasira kidogo.

Kadi ya mwaliko inaingia WhatsApp. Unaifungua, unaweka dole gumba, unanyamaza. Ukipigiwa simu: "Tutaona." Siku yenyewe unafika na watu sita, au hufiki kabisa. Halafu ati huo ni utamaduni wetu, Mwafrika haulizwi kama atakuja.

Mimi nakataa. Utamaduni wetu ni kumkaribisha mgeni. Kumwacha mwenye harusi abahatishe ni uvivu tu.

Si tunajua kuhesabiwa? Wengi wetu tulipitia Kakuma. Bamba Chakula ilipoanza 2015, pesa ilikuja kwa simu kulingana na idadi ya watu wa nyumba. Jina la mtoto mmoja likikosekana, mama hatoki ofisini mpaka lirudi. Hapo hakuna aliyesema kuhesabiwa ni mambo ya wazungu. Basi kwa nini kwenye sahani ya jirani tunakataa?

Sahani hiyo kuna mtu anailipia. Hapa Bilpam mchele, unga na mafuta, vingi vinakuja kwa lori kutoka Uganda, karibu kilomita 200 kutoka mpakani Nimule mpaka Juba. Kamati inanunua mapema, mara nyingi kwa deni. Watu mia wasipokuja, chakula kinamwagwa na deni wanabaki nalo maharusi. Watu mia wakizidi, wa meza ya mbele watakula tu. Wanaokosa ni watoto, na kina mama waliopika.

Wengine wanasema tufanye kama harusi nyingi za Dar es Salaam: toa mchango ndio upate kadi. Hapana. Hapo maskini anabaki nje. Sisi tunataka jibu tu, na jibu halihitaji mchango.

Kamati nazo zijirekebishe. Kutupa kadi moja kwenye kundi la watu 200 sio kualika. Kila ukoo uwe na mtu mmoja wa kupiga simu, siku kumi kabla. Asiulize "utakuja?", maana kwa adabu kila mtu atasema ndiyo. Aulize "mtakuwa wangapi?" Asiyejibu akifika akaribishwe, lakini ale baada ya watoto.

Kusema mapema "sitaweza, Mungu awabariki" sio dharau. Dharau ni kunyamaza. Kama una kadi kwenye simu yako sasa hivi, acha kusoma, jibu.