Jahazi la Nchi Kavu

Wiki hii safu yetu twaielekeza kwa jamaa ambao baba yao hulala ndani ya chombo chake cha kazi. Zamani jamaa hao walikuwa wa mabaharia wa Mji wa Kale, Lamu na Vanga. Leo wengi wao ni wa madereva wa malori, na chombo kimetia nanga Voi, katika nchi ya Wataita, ambako hata harufu ya bahari haifiki.

Mama mmoja wa upande wa Likoni ametuandikia. Mumewe huchukua mizigo bandarini kuipeleka Moshi na Arusha kwa njia ya Taveta. Baina ya safari na safari harudi nyumbani. Huegesha Voi akangoja mzigo, au akangoja kipuri. Hupika garini, hulala garini, na nguo zake zote zimo humo. Mama huyu ameuliza mambo matatu. Je, mumewe asali sala ya safari au asali kamili? Je, yafaa yeye na watoto wamwendee? Na fedha za kutengeneza gari, mbona zatoka katika posho ya nyumba? Akamalizia kwa neno lililotugusa: mwanawe wa miaka minne humwita babake "mgeni".

Swali hili si geni katika pwani yetu. Wazee wetu walijua kwamba maisha ya chombo yana misimu miwili: msimu wa kwenda na msimu wa kungoja. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, majahazi yaliteremka kutoka Arabuni na Ghuba yakiwa na tende na chumvi. Kusi ilipoingia yakarudi na boriti za mikoko. Kati ya Mei na Julai, kusi ilipokuwa kali, bahari ilifungwa. Hapo chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, kikaegemezwa kwa magogo, na kazi ya matengenezo ikaanza. Mabaharia walikwangua chaza na mwani, wakakalafati nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, wakapaka deheni chini ya maji na sifa juu yake, wakashona matanga yaliyopasuka.

Siku hizo baharia aliishi chomboni kama mtu aishivyo kwake. Alilala sitahani, akala chakula cha sufuria moja na wenzake, akafua na kuanika kambani. Lakini haikuwa desturi ya mke na watoto kukaa naye pale. Ikiwa bandari ni ya kwao, yeye ndiye aliyeshuka kwenda kwao. Ikiwa ni bandari ya ugenini, jamaa waliofika walitafutiwa nyumba mjini. Hata wanawake waliposafiri kwa jahazi walitengewa mahali pao nyuma, chini ya shetri, wakasitiriwa wasionekane na wanaume wa sitahani. Wazee walitofautisha chombo cha kazi na nyumba ya watu.

Sasa tuitazame Voi. Mji huu umekuwa mji wa wapitaji kwa muda mrefu. Misafara ya pwani ilipita nchi ya Wataita ikielekea Taveta na Kilimanjaro. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita hapa, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia likatolewa tawi kutoka Voi kwenda Taveta. Leo barabara kuu ya Nairobi hukutana hapa na barabara ya Mwatate, Bura, Maktau na Taveta. Kutoka Mombasa ni kiasi cha kilomita 150, na kutoka Voi hadi mpakani ni zaidi ya kilomita 100, nyingi zikipita katika nchi ya ndovu ambamo dereva mwenye busara hapendi kukwama usiku. Ndiyo sababu malori hujazana Maungu na Voi: gari linalotaka kuharibika ni heri liharibikie mahali penye fundi.

Na lori, kama jahazi, halina siku ambayo halidai kitu. Leo ni springi, kesho ni breki, keshokutwa ni tairi lililopasuka kwa jua la Tsavo. Fundi hulala chini ya chesisi, utingo hushika taa, na kipuri chapaswa kutoka Mombasa au Nairobi. Dereva hawezi kuliacha gari akaenda nyumbani, kwani mzigo ni amana na dizeli huibwa. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ilipofunga mpaka wa Tanzania mwezi wa Mei isipokuwa kwa mizigo, na madereva wakatakiwa wapimwe kwanza, wengi walikaa ndani ya magari yao siku nyingi wakingoja majibu. Basi mama asidhani kila anayelala garini amependa kulala huko.

Tuje kwenye majibu, na la kwanza ni sala. Voi imepita masafa ya kupunguza sala, ambayo kwa madhehebu yetu ya Shafi ni marhala mbili, yaani kilomita 80 na ushei. Mwenye kutoka Mombasa kwenda huko ni msafiri. Lakini akifika na akanuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika. Atasali kamili, na Ijumaa yamlazimu. Ama akiwa hajui, anangoja kipuri kitakachofika leo au kesho na mara kikifika ataondoka, huyo anaruhusiwa kupunguza hadi siku 18. Wanavyuoni walijadili pia hali ya baharia aishiye chomboni pamoja na mkewe na wanawe. Imam Ahmad alisema huyo asali kamili, kwani nyumba yake anakwenda nayo. Na wanavyuoni wetu wa Kishafi wakasema kupunguza kwamfalia, lakini kukamilisha ni bora. Tazama, mama, jinsi walivyopima jambo hili: walitazama jamaa wako wapi. Mumeo, ingawa godoro lake liko garini, kwake ni Likoni, kwa sababu nyinyi mko Likoni.

Jibu la pili ni la kumwendea. Yafaa, tena ni jambo jema, lakini kwa utaratibu. Gari la moshi la abiria linalosimama vituoni hushusha watu Voi, na safari kutoka Miritini ni nyepesi kwa watoto kuliko basi. Mama asafiri na maharimu wake, kaka au mtoto mkubwa. Wasilale garini. Kitanda kilicho nyuma ya kiti cha dereva kimefanyiwa mtu mmoja, na uwanja wa malori usiku ni mahali pa wanaume wengi, wengine wakiwa walevi. Hapana sitara hapo kwa mama wala kwa binti. Wakodi chumba mjini, hata kama ni cha siku mbili, penye maji na mlango wenye kitasa. Kwa siku hizo dereva naye alale chumbani, na utingo alinde gari. Gharama hiyo isihesabiwe kuwa ni anasa, bali ni sehemu ya nafaka ya nyumba.

Lakini mchana watoto na waende wakalione gari. Mtoto na apandishwe kwenye usukani, aoneshwe kitanda cha babake, jiko lake na msala wake. Akae kivulini amwone baba akipakaa grisi pamoja na fundi. Mtoto aliyeona kazi ya babake hatamwita mgeni, kwa sababu atakapoulizwa yuko wapi, atakuwa na picha ya mahali moyoni mwake. Na baba akirudi barabarani awe na saa maalumu ya kupiga simu, baada ya Magharibi au baada ya Isha, asimwulize mke habari za fedha peke yake, bali azungumze na kila mtoto kwa jina lake.

Jibu la tatu ni fedha, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapovuja. Dereva aliyeajiriwa ana mkono wa amana. Gari likiharibika bila yeye kuzembea wala kuvuka mipaka, kulitengeneza si juu yake, ni juu ya mwenye gari. Desturi ya wengi ni dereva kutoa fedha zake ili kazi isisimame, akiahidiwa kurudishiwa. Akitoa, basi ni deni, na deni huandikwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imekuja kwa ajili ya kuandika madeni, haikuja bure. Apige picha ya risiti ya kipuri na ya ufundi, amtumie mwenye gari siku hiyo hiyo, na nakala amtumie mkewe. Ama nafaka ya mke ni haki iliyo mbele ya springi ya mtu mwingine. Kwa Mashafi, nafaka isiyotolewa hubaki deni shingoni mwa mume, hata zikipita siku nyingi. Mume asiseme, "Gari limekula." Gari la mtu halina haki ya kula chakula cha watoto wako.

Na nyinyi wenye malori, wengi wenu ni jamaa zetu na twasali safu moja. Wenye majahazi walikuwa wakitoa gharama za chakula, kisha kila baharia akapata fungu lake lijulikanalo. Msimwache mtu siku kumi Voi bila posho, mkangoja akopeshwe na muuza chai.

Limebaki jambo la muda. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amridhie, alipita usiku akamsikia mwanamke akilalamikia upweke wa mume aliyekwenda vitani. Akamwuliza binti yake Hafsa mwanamke aweza kusubiri muda gani. Baada ya jibu lake akaamuru askari wasizuiliwe mbali na wake zao zaidi ya miezi minne. Katika mapokezi mengine, sita. Ikiwa jeshi liliwekewa mpaka, lori la mizigo haliwezi kukosa mpaka. Mke na mume na wakae wakubaliane: kila baada ya safari ngapi atarudi, na akishindwa kurudi, nani atamfuata mwenziwe, na kwa fedha zipi. Wakubaliane kabla ya gari kuharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hayo yaliyosemwa juu ya nyumba ya mawe ndiyo yanayofanywa na kalafati kwa chombo kila mwaka, kabla hakijarudi majini.

Twamwomba Mola awafikishe salama wote walioko njiani baina ya Mombasa na Taveta, na awakutanishe na watu wao katika kheri. Wallahu aalam.