Mwanao akicheza kwenye simu, mwulize anamsaidia nani

Mzazi mwenzangu, michezo mingi iliyo kwenye simu tunazowaachia watoto jioni inafanana: kimbia, piga, kusanya sarafu, uwe wa kwanza. Si kosa mtoto kuicheza. Lakini mchezo, kama hadithi ya bibi, humfundisha mtoto hata pale hatukukusudia. Je, unamfundisha nini kuhusu watu wengine?

Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 hadi zikatimia dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kwenda kuichaji ulikuwa mwendo wa saa 3 kwa miguu. Akajifunza kutengeneza michezo, na aliyoiona mingi ilikuwa ya kuua. Yeye akatengeneza wa amani, akauita Salaam. Humo hushindi kwa kuangusha mtu, unashinda kwa kumfikisha mkimbizi salama. Mayen alipanga kwamba mkimbizi huyo akihitaji maji, chakula au dawa, mchezaji aweze kumnunulia kwa pesa halisi, na pesa hizo ziwafikie wakimbizi wa kweli. Mwaka 2018 alitunukiwa Marekani kwenye The Game Awards.

Kwetu Ngara jambo hili si geni. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Wazazi wengi wa Ngara na Biharamulo wanakumbuka. Watoto wetu hawakuwepo. Kwao "mkimbizi" ni neno tu, na neno lisilo na sura ya mtu hugeuka haraka kuwa tusi la uwanjani.

Mchezo wa namna hii hauhitaji kuwa mkubwa. Mwaka 2007 Mmarekani Jason Rohrer alitoa Passage, unaochezwa dakika 5. Unatembea tangu ujana hadi uzee. Ukimchukua mwenza, zipo njia nyembamba hamtapita wawili. Ukienda peke yako unapita, ila umebaki peke yako. Anayecheza anaelewa bila kuhubiriwa.

Jumamosi hii jaribuni wenyewe. Chukueni karatasi, chora njia yenye vituo 20, tumieni maharage kama kete. Mwulize mtoto maswali matatu: Nani yuko safarini? Anahitaji nini? Hawezi kufika bila nani? Pengine ni mtoto anayefuata maji na bibi mwenye mzigo. Akimwacha bibi anawahi, lakini hajui kisima kiliko. Sheria ni moja: wote wafike, au hakuna aliyeshinda. Mwache mtoto abishane na sheria hiyo. Ubishi huo ndio somo, na ndipo utakapomwambia uliyoyaona mwaka 1994 au uliyosimuliwa.

Mwenye kompyuta, au shule yenye nazo, ajaribu Scratch. Ni programu ya bure ambayo mtoto hupanga vipande vya amri hadi mchezo wake utembee.

Na siku nyingine, kabla hujampokonya simu, kaa naye dakika 5. Usimwulize amepata pointi ngapi. Mwulize: humo ndani, unamsaidia nani?