Maembe Yaoza Magarini, Ganze Wangoja Unga

Kila msimu wa maembe, kati ya Novemba na Machi, habari za Kaunti ya Kilifi huwa zile zile. Magarini na Malindi, ngowe na boribo huanguka na kuoza chini ya miembe kwa sababu bei ya madalali hailipi hata kazi ya kuchuma. Katika kaunti hiyo hiyo, huko Ganze, mvua ikikosa, familia hungoja lori la unga wa msaada.

Makanisa yetu mengi yana huduma ya chakula kwa wajane, wazee na mayatima. Nionavyo, huduma hizo zimeegemea mno duka na mfadhili. Mfadhili akiondoka, sufuria hukauka.

Kuokota masazo si fikra ngeni kwetu. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inamkataza mkulima kuvuna hadi pembeni mwa shamba, ili maskini na mgeni wapate. Ruthu na mkwewe Naomi waliishi kwa masazo ya shayiri ya Boazi. Ndugu zetu Waislamu wana zaka ya nafaka, na Sura ya Al-Qalam inasimulia wenye bustani waliopanga kuvuna asubuhi na mapema ili maskini asiingie, wakakuta bustani imeteketea.

Kinachokwamisha ni idhini. Hapa Pwani, mwenye ardhi na mwenye mwembe huweza kuwa watu wawili, na pengine dalali ameshanunua matunda yangali mtini. Kijana akiingia na kapu bila makubaliano, ataitwa mwizi.

Kwa hivyo kamati ya kanisa iandikiane na wahusika kabla ya msimu: dalali akishamaliza, waokotaji waingie siku zilizotajwa, wakiwa na kiongozi wao. Mwenye shamba naye atafaidika. Embe linalooza chini ni mazalio ya nzi wa matunda, wadudu waliofanya Kenya isitishe kuuza maembe Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021. Mazima yaokotwe, yaliyooza yafukiwe, na shamba libaki safi.

Wapo watakaosema embe si ugali. Ni kweli, tena halikai. Basi yanayozidi yakatwe yakaushwe. Na viwanja vya makanisa vilivyomea nyasi vipandwe kunde na muhogo, mazao yanayovumilia mvua haba. Muhogo hungoja ardhini hadi siku ya shida.

Inabaki gharama ya kukodi pikapu kutoka Magarini hadi Ganze. Hapo ndipo sadaka ya fedha itumike, na misikiti ikaribishwe kuchangia, kwani njaa haiulizi dini.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wazee wa kanisa, mwiteni mwenye mwembe mzungumze sasa, kabla ya dalali kufika.