Mafuta ya Texas na malori ya Namoya

Januari 2016 mgodi wa dhahabu wa Namoya, kule Salamabila katika eneo la Kabambare, mashariki ya Congo, uliingia rasmi katika uzalishaji wa kibiashara. Mwezi huohuo pipa la mafuta ghafi lilishuka chini ya dola 30, ilhali katikati ya 2014 lilikuwa limepita dola 100. Mgodi ule haukuwa na waya wa umeme wa taifa, uliendeshwa kwa jenereta za mazutu. Kama kuna mahali palipostahili kufaidi mafuta ya bei rahisi, ni pale.

Urahisi huo ulitoka Marekani. Wachimbaji wa Texas na North Dakota walikuwa wamejua namna ya kuyatoa mafuta yaliyonaswa katika mwambatope, yaani matope ya kale yaliyogandamana yakawa jiwe. Kisima huteremshwa wima, kisha hupindishwa kikafuata tabaka la mwamba kwa kilomita kadhaa, na maji yenye mchanga husukumwa kwa nguvu hadi jiwe lipasuke. Mwaka 2008 Marekani ilitoa mapipa milioni 5 hivi kwa siku. Mwaka 2023 yalikaribia milioni 13.

Novemba 2014 OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, ilikataa kupunguza uzalishaji, na Saudi Arabia ikatumaini kwamba bei ya chini ingewafukuza Wamarekani sokoni. Kampuni nyingi zilifilisika kweli. Zilizobaki zikajifunza kuchimba kwa gharama ndogo zaidi, na mwishoni mwa 2016 OPEC yenyewe ndiyo iliyolazimika kushikana na Urusi ili kupandisha bei. Kisima cha Texas huanza kutoa mafuta ndani ya miezi michache. Linganisha na Uganda: iligundua mafuta yake ya Ziwa Albert mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitiwa saini Februari 2022.

Namoya, je? Mafuta ya mashariki ya Congo hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, yakasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kufika mpakani, na toka hapo ndipo safari ngumu huanza. Mwaka 2017 madereva wa malori ya mgodi walizuiliwa njiani na watu wenye silaha. Desemba mwaka huo kampuni mama, Banro, iliomba mahakama ya Kanada iilinde dhidi ya wadai wake. Septemba 2019, baada ya mashambulizi na utekaji wa wafanyakazi, kazi ilisimamishwa. Kampuni yenye jenereta, walinzi na wanahisa ilishindwa na barabara isiyo salama. Muuza esansi wa mji wa Kasongo anayepima kwa chupa atapunguzaje bei kwa sababu Texas imechimba zaidi?

Ndiyo maana ndoto ya mafuta ya nyumbani inapaswa kupimwa vizuri. Kandokando ya Lualaba, kati ya Ubundu na Kisangani, kuna miamba yenye lami ambayo Wabelgiji waliichunguza zamani, na makadirio ya 1958 yaliipa mapipa bilioni 100. Idadi hiyo inavutia, lakini mwamba huo si kama wa Texas. Mafuta yake hayajaiva; lazima jiwe lichimbwe na kuchomwa kwa joto la nyuzi mia kadhaa ndipo yatoke. Nani ataligharamia hilo katika soko ambalo Texas hulijaza bei ikipanda kidogo tu?

Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta Julai 2022, ukafutwa Oktoba 2024. Wabunge wa Kasongo na Kabambare wasipoteze pumzi kudai kitalu. Wadai barabara ya Kabambare hadi Fizi ipitike masika na kiangazi bila vizuizi vya kutozea watu pesa, treni ya Kindu–Kongolo iende kwa ratiba, na paneli za jua zifungwe katika hospitali na vituo vya afya, ili friji ya chanjo isingoje lori.