Mwalimu Kwanza, Jezi Baadaye

Kila mwaka mashindano ya michezo yakaribiapo, maneno hapa shuleni huwa ni yale yale: jezi zimechakaa, viatu havitoshi, wanafunzi wa zamani waombwe fedha. Mimi sina ugomvi na jezi. Lakini naona twaanza kujenga nyumba kwa paa. Kinachotupungukia ni mwalimu wa michezo atakayekaa nasi miaka, si muhula mmoja. Ushahidi wangu ni habari ya mtu aliyefanya kazi hapa hapa Uganda.

Malcolm Arnold, Mwingereza, alikuja nchini mwaka 1968 kuwafundisha wanariadha. Alimkuta askari polisi kutoka Lango, John Akii-Bua, aliyekwisha kuanza kuruka viunzi katika mbio fupi za mita 110. Akamwelekeza kwenye mita 400. Mwaka 1970, mjini Edinburgh, Akii-Bua alikuwa wa nne. Mwalimu mwenye haraka angalitafuta mwingine. Arnold alizidi kumfundisha: kukimbia na fulana nzito mwilini, kuruka viunzi virefu kuliko vya mashindano, na kuruka kwa mguu wo wote, wa kulia au wa kushoto.

Jambo hilo la miguu si dogo. Kati ya kiunzi na kiunzi pana mita 35. Mtu akichoka, hatua zake hufupika na hesabu yake hubadilika. Aliyezoea mguu mmoja tu hana budi kupunguza mwendo ili aupate. Aliyezoea yote miwili hupita. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, Akii-Bua alipangiwa njia ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote. Alishinda kwa sekunde 47.82, akaivunja rekodi ya David Hemery ya 48.12. Hiyo ndiyo medali ya dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Wako wasemao kwamba kipaji ni cha kuzaliwa nacho, mwalimu hana kazi. Basi watazame yaliyofuata. Arnold alirudi Uingereza, akaendelea na viunzi. Kwake walitoka Mark McKoy wa Kanada, mshindi wa Olimpiki mwaka 1992. Colin Jackson wa Wales, aliyeweka rekodi ya dunia ya sekunde 12.91 mwaka 1993. Na Dai Greene, naye wa Wales, bingwa wa dunia mwaka 2011. Watu hawa na yule wa Lango hawana babu mmoja. Walikuwa na mwalimu mmoja.

Neno la pili husemwa kwa sauti ya chini, juu ya wenzetu watokao Nakivale: ya nini kumfundisha mtu ambaye kesho atapelekwa nchi nyingine? Neno hili silikubali. Nakivale imepokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 60, na Mkongo, Mrundi na Msomali wakikutana uwanjani, Kiswahili hiki ndicho huwapatanisha. Akii-Bua mwenyewe alikimbilia Kenya mwaka 1979, akawa mkimbizi, kisha akaishi Ujerumani. Je, yuko aliyesema kwamba mazoezi yake yalipotea bure? Apandaye mwembe hamwulizi mtoto atakaa kijijini miaka mingapi.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa zamani: mchango wa mwaka huu usiende kwenye jezi. Viunzi 10 vya mbao, vyenye kimo cha sentimita 91, seremala ye yote wa Mbarara aweza kuvitengeneza. Fedha zitakazosalia zimlipie mwalimu mmoja mafunzo ya riadha, naye aachiwe kazi hiyo miaka minne bila kuhamishwa. Nasi wanafunzi tuamke mapema tumfuate. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kwanza awepo wa kumkunja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Masha