Nyumba ya Tope Haimsubiri Mthamini



Tarehe 22 Januari 2014 maji yalishuka hapa Magole na Dumila, yakabomoa nyumba za watu na kukata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma pale darajani. Viongozi walifika, Rais Kikwete akiwa miongoni mwao. Mitambo ililetwa, na baada ya siku chache magari yalikuwa yakipita tena. Siwalaumu kwa haraka hiyo. Barabara ile ni mshipa wa nchi. Lakini waliopoteza nyumba walihamia katika mahema, na hema la kujihifadhi kwa muda likageuka makazi. Ndugu zetu wa Kilosa mjini, waliofurikiwa na Mto Mkondoa mwishoni mwa Desemba 2009, walikuwa wameyaonja hayo kabla yetu.

Kwa nini daraja lina tarehe, na nyumba ya mkulima haina? Daraja likivunjika hutafutwa fundi. Nyumba ikivunjika hutafutwa orodha, kisha orodha huhakikiwa, kisha husubiriwa mthamini, na kila anayeuliza huambiwa kwamba tathmini inaendelea.

Nitaambiwa kwamba ukaguzi ni wa lazima, kwa kuwa wapo wanaojiandikisha hali kuta zao hazikuguswa na maji. Ni kweli, wapo, na baadhi yao tunasali nao. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kukagua mapema! Nyumba zetu nyingi ni za tofali za udongo. Baada ya mvua mbili ukuta ulioanguka huwa kichuguu, na baada ya msimu mmoja huota majani. Mama mwenye bidii ameokota mabati yake, amesimamisha miti na kuwahifadhi watoto. Mthamini akija baada ya miezi mitatu huandika kwamba hapo pana nyumba. Aliyekaa kitako juu ya kifusi ndiye mwenye ushahidi. Na mpangaji, ambaye hana ukuta wa kuonyesha, ataandikwa wapi? Ukaguzi uliochelewa humwadhibu mchapakazi na kumfungulia mlango mdanganyifu.

Wengine husema serikali haikuleta mvua. Hoja ya namna hiyo ilisikika Bukoba Januari 2017, Rais Magufuli alipowaambia walioathiriwa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 kwamba serikali haitawajengea nyumba. Lilikuwa jibu gumu, na mimi sikubaliani nalo, maana watu walikuwa wamechanga kwa ajili ya walioumia. Hata hivyo, kosa kubwa zaidi naliona katika kalenda: miezi takriban minne ya kungoja kabla ya kuambiwa hapana. Anayeambiwa hapana katika juma la kwanza huanza kufyatua tofali katika juma la pili.

Wala tusiseme haiwezekani. Matope yalipoangukia Katesh, wilayani Hanang, Desemba 2023, nyumba zaidi ya 100 zilijengwa na kukabidhiwa Desemba 2024. Mwaka mzima ni mrefu kwa asiye na paa, lakini ulikuwa na mwisho.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Basi kazi ianzie huko, na sisi tuidai katika mkutano wa kijiji kabla ya masika. Kamati ipite nyumba kwa nyumba ndani ya siku saba baada ya maji kupungua, pamoja na majirani wawili kama mashahidi. Picha zipigwe, siku hizi simu za kupigia hazikosekani. Wapangaji waandikwe pia. Orodha ibandikwe ukutani katika ofisi ya kijiji ili kila mtu aisome na kupinga jina asilolitambua, na kila familia ipewe nakala yenye mhuri, saini ya mtendaji na tarehe ambayo jibu la wilaya litatolewa, liwe ndiyo au hapana.